Herufi Zinazobaki Kibaoni

Katika mwaka 2015 mtu mmoja wa New Zealand, jina lake Nigel Richards, alikwenda Ubelgiji akaingia katika mashindano ya mchezo wa Scrabble kwa lugha ya Kifaransa, akawashinda wenye lugha yao. Hili lisingalikuwa jambo la ajabu kama Bwana Richards angalijua Kifaransa. Hakukijua. Alikuwa amesoma orodha ya maneno kwa muda wa majuma kama 9, akayatia moyoni kama mtoto atiavyo jedwali la kuzidisha, bila kujua maana yake. Mwaka 2024 akashinda kwa Kihispania vilevile.

Mimi ni mwalimu wa lugha katika chuo cha ualimu, na naliposikia habari hiyo mara ya kwanza naliiona kama dharau. Nalidhani mchezo wa maneno ni mali yetu sisi tujuao maneno. Basi leo nataka kuwaeleza ninyi msikilizao jinsi nilivyofundishwa kwamba sivyo, na aliyenifundisha ni mwenzangu afundishaye hesabu, mbele ya wanafunzi wetu wote.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa kuwa wengine hawajauona. Ubao wake una miraba 225, yaani mistari 15 ya kwenda kulia na 15 ya kushuka. Herufi zimeandikwa moja moja juu ya vipande vidogo 100, nazo hutiwa mfukoni. Kila mchezaji huchomoa vipande 7 bila kutazama, akavisimamisha juu ya kibao kidogo mbele yake, mwenziwe asivione. Kila zamu ataweka neno ubaoni liungane na maneno yaliyokwisha kuwekwa, ahesabu pointi zake, kisha achomoe vipande vingine apate 7 tena. Kila herufi ina thamani yake: zilizo nyingi ni pointi 1, zilizo adimu hupanda. Miraba mingine ubaoni huongeza thamani ya herufi, mingine huongeza neno zima. Mrabawa wa katikati hufanya neno la kwanza kuwa mara mbili, na iko miraba 8 ukingoni ifanyayo neno mara tatu. Tena mtu akiweka vipande vyake vyote 7 kwa zamu moja, hupewa pointi 50 za nyongeza.

Aliyeubuni ni Alfred Butts, Mmarekani, mchora ramani za majengo, aliyekosa kazi katika dhiki ya miaka ya 1930. Aliketi na magazeti akahesabu ni mara ngapi kila herufi yatokea katika kurasa za Kiingereza, na kwa hesabu ile akapanga wingi wa vipande na thamani yake. Herufi E akaifanya vipande 12, lakini S akaifanya 4 tu, maana kwa Kiingereza S moja mwishoni mwa jina hulifanya kuwa la wingi, na zikiwa nyingi mchezo huwa rahisi mno. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948.

Nasi tulipotaka kuucheza kwa Kiswahili chuoni tuliona shida mara moja. Katika mfuko wa Kiingereza mna K moja tu! Mswahili atasema nini kwa K moja? Tukakata vipande vyetu wenyewe kwa karatasi ngumu, tukahesabu herufi katika kitabu cha kusomea kama alivyofanya Bwana Butts. A iliziacha nyingine zote nyuma. Q na X tukazitupa. A, I, U, K, N na S tukaziwekea pointi 1. B, D, L, M na O pointi 2. H, P na Z pointi 3. J pointi 4. Na V, ambayo tuliifanya vipande 2 tu, pointi 6. Herufi nyingine sizitaji.

Sasa nawaomba mfikiri juu ya bao, mchezo tuujuao. Katika bao kete zote 64 ziko wazi mbele ya wote wawili, na mjinga akishindwa hawezi kusema kwamba hakuona. Katika karata, kila mtu huficha zake. Mchezo huu u katikati ya hiyo miwili: ubao ni wazi kama bao, vibao vimefichwa kama karata. Kwa hiyo kila neno uwekalo huacha vitu viwili nyuma yake. Huacha ubaoni milango ambayo adui aweza kuingia, na huacha kibaoni pako zile herufi ulizozibakiza, ambazo zitakutana na zile utakazochomoa. Mwenye kuhesabu pointi za neno peke yake amehesabu theluthi moja tu.

Hili sikulijua siku ile tulipocheza mwisho wa muhula. Wanafunzi walikuwa wamegawanyika, wa lugha upande wangu, wa hesabu upande wa mwenzangu, na kelele zilikuwa nyingi. Mimi nalianza. Nalichomoa A, A, H, J, K, O na U.

Nalifurahi sana, kwa kuwa naliona HAKUJA. Tazameni uzuri wa lugha yetu: neno moja, nalo ni sentensi kamili, lina mtendaji, lina kukanusha, lina wakati uliopita. Naliweka H katikati ya ubao, neno likaenda kulia, na J ikaangukia mraba unaoifanya herufi mara mbili. Jumla yake 15, mara mbili, pointi 30. Wanafunzi wangu walipiga makofi.

Mwenzangu alitazama ubao kwa utulivu, akachukua vipande viwili tu, L na I, akaviweka mwishoni mwa neno langu. HAKUJALI. Ile I ikaketi juu ya mraba mwekundu wa ukingoni, na neno zima, pamoja na herufi zangu 6 nilizozilipia mimi, likawa mara tatu: pointi 42. Kisha akaniambia kwa adabu yake yote, “Samahani, Mwalimu.”

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Neno lile lile ningaliweza kuliweka upande wa kushoto, A yake ya mwisho iwe katikati ya ubao. Ningalipata pointi 24 badala ya 30. Lakini LI ikiongezwa hapo haifiki popote, ni pointi 14 tu. Na kwa upande wa mbele, hakuna kiambishi kiwezacho kutangulia HA ya kukanusha. Mlango ungalikuwa umefungwa kwa gharama ya pointi 6. Mimi nalizipenda zile 6, nikamwachia yeye 42. Wala si LI peke yake iliyoweza kuniumiza; hata Z na A zingalifanya HAKUJAZA, na zingalifika mraba ule ule.

Tena palikuwa na neno la tatu, fupi, ambalo sikulitazama hata kidogo: HOJA. Ni pointi 20 tu. Lakini mwenye kuweka HOJA hubaki na A, K na U, na katika Kiswahili mtu mwenye KU mkononi na A ya mwisho amekwisha kushika kichwa na mkia wa kitenzi. Atafuta kiwiliwili tu. Mimi kwa HAKUJA nalibaki na O moja, kama mtu aliyeuza jembe na mpini akabaki na mbegu isiyo na shimo. Katika Kiingereza wachezaji hodari huilinda S kwa sababu hiyo hiyo, hawaitoi ila kwa faida kubwa. Kwetu sisi hazina ni KU, na WA, na ile NI ya mwisho iliyo tayari kuungana na karibu kila jina.

Msinifahamu vibaya. Sisemi kwamba neno refu ni kosa. Mtu akiweza kuweka zote 7 na kupata zile 50, mara nyingi ni haki yake. Kosa ni lile neno la herufi 6, au 5, lipendezalo macho, likala herufi njema zote na kuacha takataka. Katika mwaka 2015 huo huo, mwezi wa Novemba, Wellington Jighere wa Nigeria alikwenda Perth, Australia, akawa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho. Katika michezo ya mwisho alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza mara 4 kwa 0. Wachezaji wa Nigeria wamejulikana kwa jambo moja ambalo wengine huliona geni: hujizoeza maneno mafupi ya herufi 4 na 5, na pengine huyachagua hata penye nafasi ya neno refu. Huwa wameangalia lile litakalobaki, na mlango utakaofunguka.

Turudi chuoni. Zamu yangu ya pili naliweka SHAMBA, likishuka kutoka juu hata A yake ya mwisho ikawa ni ile A ya kwanza ya HAKUJALI. Pointi 13. Nikawa na 43, yeye 42. Nikatabasamu tena.

Ndipo alipofanya jambo lililowachekesha wanafunzi wangu. Hakuweka neno. Alirudisha vipande vyake 4 mfukoni, akachomoa 4 vingine, na kwa sheria ya mchezo hiyo ndiyo zamu yake yote, pointi sifuri. Kubadilisha huku huruhusiwa maadamu vipande 7 au zaidi vimo mfukoni. Mimi naliona kuwa ni kushindwa. Kumbe alibakiza K, U na A.

Nami kibaoni nilikuwa na O, U, U, E, E, I na Z. Mtu mwenye akili angalibadilisha hapo hapo. Lakini ningewezaje, mwalimu wa lugha, kusema mbele ya wanafunzi kwamba sina neno? Nikaweka UZA, nikitumia A ya katikati ya SHAMBA, nikapata pointi 5. Kwa ajili ya pointi 5 nikabaki na O, U, E, E na I. Haya ndiyo mambo ya kiburi, na sijui kama yako katika mchezo mwingine wowote kwa wazi namna hii: hasara ya kubadilisha huonekana na wote, hasara ya kutobadilisha hukaa kibaoni ikijificha.

Mwenzangu akaweka vipande vyake vyote 7. KUPANDA, likishuka, na ile K ya kwanza ikasimama mbele ya UZA yangu ikaifanya KUZA. Pointi 16 za neno, na 50 za nyongeza, na 6 za KUZA: jumla 72. Alikuwa na 114, mimi 48.

Sasa hapa pana uamuzi wa namna nyingine, nao ni wa vita zaidi kuliko wa lugha. Aliye mbele hutaka ubao uwe finyu: maneno mafupi, yaliyobanana, yasiyoacha nafasi ya mtu kuweka herufi 7. Aliye nyuma sharti ajaribu kinyume chake, apeleke maneno mbali, hata kama adui naye ataweza kupita katika njia hiyo. Akiogopa na kubana, atashindwa polepole kwa heshima, lakini atashindwa. Ni sawa na timu ya mpira iliyofungwa magoli mawili, zikabaki dakika 20: kuna faida gani kuwarudisha wote nyuma walinde goli?

Nalipeleka maneno kila upande. Naye alifunga, nami nalifungua. Alipofunga njia moja nalihakikisha nina mbili. Mara mbili aliniadhibu, lakini katika zamu ya 9 naliweka MASIKIO, herufi 7, na zile 50 zikaja kwangu. Kelele za wanafunzi zilifika jikoni. Mpishi alikuja kutazama.

Hata mfuko ulipokwisha nilikuwa na 301, yeye 292, na zamu ilikuwa yake. Mimi nilikuwa na kipande kimoja tu, V. Yeye alikuwa na P, N na I. Na sheria ya mwisho ni hii tuliyoitumia: amalizaye vipande vyake kwanza huongezewa thamani ya vile vilivyobaki kwa mwenziwe, mara mbili.

Pengine mtauliza, alijuaje kama nina V? Hilo ndilo jambo ambalo naliwaonyesha wanafunzi wote baadaye, maana ni la hesabu tupu, na kila mtu aweza kulifanya. Alikuwa na karatasi yenye herufi zote 100 zimeandikwa, na kila kipande kilipowekwa ubaoni aliikata kwa kalamu. V zilikuwa 2. Moja ilikuwa ubaoni, kwake haikuwapo, mfuko ulikuwa mtupu. Nami wakati ule nalidhani anaandika pointi.

Ubaoni palikuwa na neno UA, karibu na ukingo. V yangu ilikuwa na nafasi pale tu, mbele yake, ifanye VUA. Nilikuwa nimeitazama nafasi ile kwa zamu mbili, nikijizuia nisiitazame mno.

Na chini ya SHAMBA, tangu zamu yangu ya pili, palikuwa wazi. N na I zikiwekwa pale zafanya SHAMBANI, pointi 13, kwa kuwa N yaangukia mraba wa kuongeza herufi mara mbili. Mlango ule naliuacha mwenyewe, na katika mchezo ule N na I zilikuwa zimepita mikononi mwangu pamoja, nisione, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta maneno marefu.

Fikirini sasa kama mlivyo mahali pake. Ana P, N na I. SHAMBANI ni 13, naye yuko nyuma kwa 9. Mtu yeyote angeiweka haraka: 292 na 13 ni 305, amenipita! Lakini mimi ningaliweka VUA, pointi 8, nikawa na 309, na kwa kumaliza vipande vyangu ningaliongezewa thamani ya P yake mara mbili, pointi 6, jumla 315. Ningalishinda kwa 10.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akachukua P peke yake akaiweka mbele ya UA. PUA. Pointi 5 tu, 297, bado yuko nyuma yangu kwa 4. Wanafunzi wangu walishangilia, wakidhani ameishiwa. Mimi peke yangu upande wetu ndiye sikushangilia.

V yangu haikuwa na pa kukaa. Nilitazama ubao mzima, mistari 15 ya kwenda na 15 ya kushuka. Haikuwezekana hata kuuziba ule mlango wa SHAMBA, maana kwa V hakuna neno hapo. Nikasema, “Napita.”

Akaweka N, akaweka I. SHAMBANI. Pointi 13, akafika 310. Na V yangu ya pointi 6, mara mbili, ikampa 12 nyingine. Ilikuwa 322 kwa 301. Maneno yote aliyoyaweka mwishoni yajulikana na mtoto wa darasa la kwanza: pua, na shambani. Tofauti ilikuwa ni lipi litangulie.

Nalimpa mkono, nikamwomba ile karatasi yake iliyokatwa kalamu. Ninayo hata leo. Muhula uliofuata tulicheza tena, nami nalianza kwa kubadilisha vipande 5, na wanafunzi wangu wa lugha walicheka sana.